Siku Mama Alipochuna Birika

Mji wetu una majira mawili tu: chuo kimefunguliwa na chuo kimefungwa. Mvua siihesabu, maana hapa Kericho mvua haina msimu. Hunyesha saa tisa mchana karibu kila siku ya Mungu, mara nyingine na mawe yake, kisha jua hurudi na watu wakaendelea na shughuli zao. Chuo kikifungwa, mama wa chapati hulala juu ya meza yake na wenye maduka ya fotokopi hucheza drafti na wateja ambao hawana cha kupiga fotokopi. Siku ya kufungua, magodoro yanaingia mjini. Yanapita juu ya bodaboda, juu ya vichwa, mengine yakiwa bado na karatasi ya dukani, na nyuma ya kila godoro kuna mzazi amebeba ndoo mpya yenye sufuria, sabuni na unga. Napenda wiki hiyo kuliko Krismasi, na sioni haya kusema hivyo.

Nafanya kazi maktaba ya chuo kimoja hapa mjini, huu mwaka wa kumi na tisa. Ninaishi kwenye ploti ya ghorofa nne ambayo, ukiniondoa mimi na fundi wa viatu wa chini, wapangaji wote ni wanafunzi. Watu huniuliza navumiliaje kelele. Mimi kelele zile nazijua kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Najua nani anapika maharagwe bila kuyaloweka, nani ameachwa na mpenzi wake, na kwaya gani ya kanisa itaimba vibaya Jumapili kwa sababu mwenye sauti ya tatu ana mtihani. Asubuhi kamba zote za nguo hujaa, saa nane na nusu mtu mmoja hupiga kelele kwamba mvua inakuja, na ploti nzima hushuka ngazi kwa mbio kuanua, kila mtu akichukua hata zisizo zake. Siku mbili baadaye bado watu wanabadilishana soksi.

Ndiko nilikomleta Mama.

Mama alichuna chai kwenye mashamba makubwa ya hapa Kericho miaka thelathini na mmoja. Alitoka kwao Kisii akiwa msichana, akakaa kwenye nyumba za kampuni, akatulea humo, na mashine za kuchuna zilipoingia akastaafu na kurudi nyumbani, ng'ambo ya Sotik. Baba alikuwa ameshafariki. Mwaka jana akateleza kwenye njia ya kisimani akavunjika kifundo cha mguu, akakaa pale chini tangu asubuhi hadi mtu wa kubeba maziwa alipopita jioni. Nilipopata habari nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikalia mbele ya wanafunzi. Mguu ulipopona nikamfuata. Alikubali kuja, lakini kwa masharti, kama balozi. Atakaa mpaka sherehe ya mahafali aone hao vijana wakivaa kofia, na Jumapili inayofuata arudi kwake. Jirani yetu mmoja wa ploti ya pili, mtu wa kwetu, huenda Kisii kila Jumapili na gari lake, kwa hiyo usafiri ulikuwepo. Nilikuwa na miezi mitatu ya kumbadilisha nia.

Nilijaribu kila kitu. Nilimpeleka sokoni, kanisani, hata kwenye hoteli yenye keki. Mji haukumwingia. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, saa ya kazi, anaoga, anavaa, anafunga leso, halafu anakaa kwenye kiti akingoja. Wanafunzi walimpenda bure. Wengi walimwita Shosho, wale Wakipsigis wakamwita Kogo, wote wakimaanisha nyanya, na walikuwa wakimletea mandazi na habari. Aliwapokea vizuri, akala mandazi, na wakitoka ananiambia siku zilizobaki.

Halafu, kama wiki tatu kabla ya mahafali, akabadilika. Alianza kutoka asubuhi, akasema anatembea tu kunyoosha mguu. Alirudi saa nne akiwa na njaa. Alikula ugali wa watu wawili. Alianza kuimba akiosha vyombo, nyimbo zile za shambani ambazo sikuwa nimezisikia tangu nikiwa mtoto. Niliona ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi nikadhani ni viazi. Mimi, mtu niliyelelewa kwenye nyumba za kampuni, niliyeona vidole vile kila jioni ya utoto wangu, nikadhani ni viazi! Furaha hupofusha. Nilimwambia rafiki yangu wa kazini kwamba Mama ameanza kuuzoea mji.

Sasa nieleze kuhusu birika. Pale lango kuu la chuo, kwenye kilima kidogo cha nyasi, palikuwa na vichaka vya chai ambavyo mtunza bustani wetu alikuwa amevifinyanga kwa miaka mitatu vikawa birika moja kubwa. Lilikuwa na mfuniko, mkono, na mdomo uliotokeza kabisa, ukishikiliwa na waya alizoficha ndani ya majani. Mtunza bustani ni mtu wa Silibwet, mpole, maneno machache, na birika lile lilikuwa maneno yake mengine yote. Hakuna aliyehitimu bila kupigwa picha pale. Wapiga picha wa mahafali walikuwa wanagombania nafasi mbele ya ule mdomo tangu alfajiri. Mimi naingilia lango la nyuma, karibu na maktaba, kwa hiyo lango kuu silioni wiki nzima.

Na mtunza bustani alikuwa amechukua likizo ya wiki moja, kwenda kwao kuvuna mahindi.

Mama alipita pale akaona chai ambayo imeachwa ikapanda. Hayo ndiyo aliyoyaona. Kichaka kimoja kiko juu, kingine chini, matawi yametoka kando bila mpango, na mtu asiye na adabu ametupa waya ndani. Kwa mchunaji, kichaka kizuri ni kile kilicho sawa juu kama meza, ili mkono upite bila kukwama. Akamwuliza askari wa lango nani anachuna hapa. Askari akasema hakuna. Mama akasikitika sana. Askari naye, kwa vile Mama aliongea kwa uhakika na alikuja na fimbo yake ya kupimia usawa, alidhani ametumwa na ofisi, akamfungulia na kumpa magunia mawili. Asubuhi tatu Mama alifanya kazi. Alivunja vilivyopanda, akachuna majani mawili na kichipukizi, akatoa waya zote akazikunja vizuri na kumkabidhi askari. Gunia lililojaa waliliweka kivulini wote wawili wakingoja lori la kiwanda lipite kuchukua. Walilingoja siku mbili, mpaka majani yakapata moto na kuanza kunuka.

Mtunza bustani alirudi Jumatatu. Walioona wanasema hakupiga kelele. Alizunguka mara mbili, akaweka mkono hewani mahali mdomo wa birika ulipokuwa, halafu akaketi kwenye toroli lake.

Wanafunzi, hao wasiojua kunyamaza, wakafanya msiba. Kufikia saa sita tangazo la kifo lilikuwa kwenye kila simu ya mji: picha ya birika enzi za uhai wake, limeacha vikombe sita na sahani, ibada itafanyika kantini. Mtu akaweka maua pale. Mwingine akasoma wasifu wa marehemu akisimama juu ya debe, na watu mia wakajibu amina. Nilicheka mpaka nikashika meza. Sikujua muuaji analala kitanda cha pili chumbani kwangu.

Jioni msichana wa rumu ya jirani alikuja na mandazi, akamwonyesha Mama tangazo lile, akimfasiria huku akicheka. Mama alichukua simu akaiweka karibu na macho. Aliitazama muda mrefu.

“Hii ilikuwa birika?” akauliza.

Msichana akasema ndiyo, Shosho, huoni mdomo, huoni mkono. Mama akasema sasa anaona. Akarudisha simu, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake.

Hapo nilikosa, na nitasema nilivyokosa. Badala ya kumfuata polepole, nilimfuata na hasira. Niliona kazi yangu, niliona ofisi ikiniita, niliona jina langu kwenye tangazo la pili. Nilimwambia Mama, hapa si kwa kampuni, hapa mtu hagusi kitu asichotumwa. Mama yangu aliyenisomesha kwa vidole vile. Alisema tu kwamba hatangoja mahafali, ataenda na gari la Jumapili hii. Usiku ule hakula, na mimi pia sikula, nikalala nikimwona amekaa tena kwenye njia ya kisimani.

Asubuhi nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Alinisamehe haraka, kama wanavyofanya wazazi, lakini nguo zilibaki zimekunjwa. Akasema kabla hajaenda ana mtu wa kumwona. Kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Tulishuka stendi, tukapokea mkungu wa ndizi mbivu aliokuwa ameuitisha kwa simu usiku kutoka nyumbani kwa basi la alfajiri, nikaubeba mimi, mtu wa maktaba mwenye viatu vya kisigino, kupanda kilima hadi lango kuu.

Mtunza bustani alikuwa anakwangua nyasi. Mama alisimama mbele yake, akavua kitambaa cha kichwa.

“Baba, mimi ndiye nilimaliza birika yako,” akasema. “Miaka thelathini na moja nimefundishwa kichaka ikipanda, vunja. Mimi sikuona birika. Niliona kazi.”

Yule mtu alitazama ndizi, akatazama chini. Alisema birika alikuwa analipenda. Alisema hivyo tu, na Mama akasema pole, na mimi nikatazama upande wa barabara. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na vilele vya vile vichaka, akafumba jicho moja, akatazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisema mama yake alikuwa mchunaji pia, kwenye shamba la upande wa pili wa mto, na akiwa mdogo alikuwa akimfuata na kumwona akipima hivi. Akapitisha kiganja juu ya majani. Akakubali kwamba imelala sawa kabisa, hakuna hata jani moja lililochomoza. Alisema zamani hizo nyapara angempitisha mtu wa meza hii bila neno.

Mama, Mungu amsamehe, akamwambia kuna upande wa kule nyuma hakuumaliza.

Wakaula mkungu wao wawili na askari, wamekaa kwenye toroli, wakisema mabaya ya mashine za kuchuna. Nikaenda kazini nimechelewa. Ofisi ilimwita mtunza bustani, akaenda, akasema chai ilihitaji kupogolewa. Sikumwomba aseme hivyo, na sijui nitamlipa vipi fadhila ile.

Kwa sababu hiyo Mama alingoja mahafali, lakini akasisitiza ni mahafali tu. Jumapili inayofuata anaondoka. Safari hii sikubishana. Nilikuwa nimesema ya kutosha.

Ijumaa ya mahafali mji wetu huwa hauna nafasi hata ya kuweka mguu. Wazazi hutoka Bomet, Sotik, Siongiroi, hutoka Kisii na Nyamira, wameamka usiku, wamevaa koti la harusi, wamebeba maziwa, kuku waliokaangwa, mashada ya karatasi yanayong'aa ya kumvisha mtoto shingoni. Wakifika langoni huwa wanapoa. Waliolima ili ada ilipwe huanza kunong'ona na kusimama kando ya njia kama wako kwa mtu, wakiuliza watoto wao kama wanaruhusiwa kukaa kwenye nyasi. Nimeona hivyo miaka kumi na tisa, na kila mwaka huniuma.

Wapiga picha walikuwa wamenuna, maana alama yao ya kukutania ilikuwa imekufa. Wanafunzi walikuwa wanaonyesha wazazi mahali marehemu alipozikwa. Zilikuwa zimepita wiki mbili tangu Mama achune mara ya mwisho, na kwa mvua ile tuliyokuwa nayo vichaka vilikuwa vimetoa machipukizi mapya, laini, ya rangi ile ya kijani inayoelekea njano. Nilikuwa pale nikigawa ratiba. Mama alikuwa kando yangu, amevaa gauni la bluu, fimbo yake kwapani, mikono ameificha ndani ya leso ili isije ikafanya mambo.

Mama mmoja mnene wa kitenge cha njano, ambaye binti yake alikuwa akimvuta waende wakapigwe picha kwenye ngazi, alisimama mbele ya ile chai. Alitazama kushoto na kulia. Akamwuliza binti hii ni ya nani na kwa nini imeachwa hivi ilhali iko tayari. Binti akasema ni ya urembo. Yule mama akarudia neno lile, urembo, akampa binti mkoba amshikie, akaanza kuchuna.

Hakuna aliyemkataza. Askari, ambaye alikuwa ameapa hatafungulia mtu tena, alitazama mawinguni. Mama wa pili akaja upande wa pili, akamsalimia wa kwanza kwa Kikipsigis kama wamekutana shambani. Akaja baba mmoja wa koti la kijivu. Akaja mwingine aliyesema anashika tu kidogo. Muda si muda walikuwa kama ishirini wamezunguka vile vichaka, mikono yote miwili inakwenda, wanaongea kwa sauti zao za kweli, wanauliza nani analisha kiwanda gani na mbolea imefika wapi. Watoto wao waliovaa joho walisimama kwanza kwa aibu, kisha wakaingia pia. Kijana mmoja mwenye shahada alichuna majani manne na mzazi wake akampiga kofi mkononi, akamwonyesha tena, mawili na kichipukizi. Wapiga picha walirudi mbio. Sijawahi kuona wazazi wakicheka hivyo kwenye picha za mahafali. Kawaida huwa wanasimama kama wako mbele ya hakimu.

Nilipogeuka, leso ilikuwa mkononi mwangu na Mama hayupo. Alikuwa upande wa nyuma, ule ambao hakuumaliza, na alikuwa anaamuru. Alimwambia mwenye koti la kijivu ameacha vilele. Alimwambia mama wa kitenge achune na mkono wa kushoto pia, Mungu hakuuweka bure. Na wote walimtii, maana mchunaji humjua nyapara hata akiwa amevaa gauni la bluu. Mtunza bustani alileta magunia bila kuombwa.

Saa tisa mvua ikaja, kama alivyoahidi Mungu wa Kericho. Watu wakakimbilia ukumbini na majoho yao. Mama alibaki akamaliza mstari, maana mstari hauachwi nusu. Mtunza bustani alimshikia mwavuli, na mimi nikasimama nao chini yake nikilowa bega moja. Ndipo yule mtu akasema, akiitazama chai na si Mama:

“Sasa umeamsha hii kitu. Siku ya nane, Ijumaa ijayo, itataka mtu. Mimi najua kukata, kuchuna sijui. Nani atakuja?”

Mama alipangusa fimbo yake kwa pindo la gauni, akasema twende, tumelowa. Ulimi wangu uliwasha njia yote mpaka nyumbani, nikauuma.

Jumamosi alishinda ndani. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa bado, begi liko mlangoni. Jumapili tulienda kanisani, tukarudi, tukanywa chai, na jirani akapiga honi chini. Nilibeba begi. Nilikuwa nimejiambia sitalia, na nilikuwa ninalia kwenye ghorofa ya pili. Wanafunzi walikuwa wametoka kwenye vibaraza wote, wengine na taulo, kumuaga Shosho.

Mama alifika kwenye gari, akainama dirishani kwa dereva. Akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo wa nyumba yake akampa.

“Kuku ni sita,” akamwambia. “Yule mweusi hukimbilia kwa shamba la kahawa, mshike kwanza. Urudi nao kesho kutwa, nipate nafasi ya kuwajengea banda. Ijumaa mimi nina kazi.”